Kifumbu cha intaneti kimeshikwa na nani?

Hakuna mpishi wa mwambao asiyejua kazi ya kifumbu. Nazi hukunwa, ikatiwa maji, ikakamuliwa. Tui likapita, chicha likabaki. Lakini mpishi huyohuyo anajua kwamba kifumbu kibaya ni hasara ya pande mbili. Kikiwa na matundu makubwa, chicha hupenya na kuharibu mchuzi. Kikisukwa kwa kubana kupita kiasi, tui lenyewe hubaki ndani na kutupwa pamoja na chicha. Wala hakuna nyumba ambamo kifumbu hushikwa na mtu asiyejulikana, aliyeko nchi ya mbali, asiyejua kama jikoni mnapikwa wali au samaki wa kupaka.

Naupiga mfano huu kwa sababu kuna kifumbu kingine ambacho sisi walimu wa visiwa vya Lamu, pamoja na wenzetu wa Kenya nzima, tumekipokea shuleni pasi na kukikagua. Ni kichujio cha intaneti, yaani programu iliyowekwa baina ya tarakilishi ya mwanafunzi na ulimwengu, inayoamua ukurasa upi upite na upi uzuiwe. Dai langu katika makala haya ni moja tu. Sina ugomvi na kuchuja. Ugomvi wangu ni na kuchuja kwa makundi yaliyotungwa na watu tusiowajua, kwa lugha isiyo yetu, bila ya kuwapo mtu wa kuulizwa, "Mbona umekizuia hiki?" Kichujio kisichoulizwa hakimlindi mtoto. Humfundisha kwamba elimu ina mlango uliofungwa, na mwenye nyumba haitikii hodi.

Ili tuelewane, yafaa kwanza nieleze chombo hiki hufanyaje kazi. Makampuni yanayotengeneza vichujio hukusanya anwani za tovuti kwa mamilioni na kuzigawa katika makundi mengi. Kuna kundi la ponografia, la kamari, la silaha, la madawa ya kulevya, la ugaidi, la chuki na la ulaghai wa kuiba nywila za watu. Kwa haya sidhani kama kuna mzazi au mwalimu atakayebisha. Lakini orodha haiishii hapo. Aghalabu yamo pia makundi ya elimu ya jinsia, uavyaji mimba, dini, imani zisizo za kawaida, mashirika ya utetezi, mavazi ya ndani, michezo na mitandao ya kijamii. Na mwisho kabisa liko kundi la tovuti ambazo bado hazijapangwa popote. Msimamizi wa maabara ya tarakilishi huletewa orodha hii, akatia alama mbele ya kila kundi: hili lipite, lile lizuiwe. Ni kazi ya dakika chache, na athari yake hudumu miaka.

Tovuti huingizwaje katika kundi? Nyingine hupangwa na binadamu aliyezitazama. Nyingine hupangwa kwa kusakwa maneno fulani ndani yake. Nyingi siku hizi hupangwa na mtambo uliozoeshwa kurasa nyingi mno, hasa za Kiingereza na lugha nyingine kubwa, kisha ukaachiwa ukisie. Fauka ya hayo, mawasiliano mengi ya intaneti leo husafiri yakiwa yamefungwa kwa fumbo, hata kichujio cha kawaida huona jina la tovuti tu bila ya kuuona ukurasa wenyewe. Kwa hiyo hakiwezi kuung'oa ukurasa mmoja mbaya na kuiacha tovuti iliyobaki. Hukata mti mzima kwa sababu ya tunda moja lililooza.

Nimefundisha katika shule za upili za visiwa hivi kwa miaka kadhaa, na katika shule moja, ambayo sina haja ya kuitaja, niliyaona matokeo yake kwa macho yangu. Kichujio kilikuwa kimewekwa na mkandarasi kutoka nje, naye alikwisha kwenda zake. Msichana wa kidato cha tatu alitaka kusoma kuhusu saratani ya matiti ili aandike insha. Akajibiwa kwamba ukurasa ule ni wa watu wazima. Mwenzake aliyetafuta habari za tiba ya waraibu wa heroini, janga ambalo mwambao wetu unalijua fika, alijibiwa kwamba anatafuta madawa ya kulevya. Kijana wa tatu alitaka kuandika historia ya wilaya aliyozaliwa. Alipofika Juni 2014, wakati mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya jirani yalipowaua watu zaidi ya 60, kioo kilimwandikia: ugaidi, umezuiwa. Mtoto wa Lamu, ambaye wazazi wake waliishi chini ya kafyu kwa sababu ya mauaji hayo, alikatazwa kuyasoma kwa kisingizio cha kumkinga nayo. Na siku hizohizo, tovuti za kubashiri mechi zilizofunguliwa kwa majina mapya zilikuwa zikipita bila ya kuulizwa, kwa sababu kichujio kilikuwa hakijazijua bado.

Niliuliza ni nani awezaye kuifungua kurasa ile ya saratani. Hapakuwa na mtu. Nywila ilikuwa kwa mkandarasi, mkandarasi alikuwa hapokei simu, na orodha ya makundi hakuna mwalimu aliyewahi kuiona.

Hapa ndipo ninapotaka walimu wenzangu wa Kiswahili wasikilize kwa makini, maana jambo hili linatuhusu sisi kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwaka wa 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe nchini Uingereza walishindwa kujiandikisha na kampuni ya AOL, kwa kuwa ndani ya jina la mji wao mlikuwa na herufi nne mfululizo ambazo kwa Kiingereza ni tusi. Ulimwengu ulicheka, na kisa hicho hutajwa mpaka leo. Hebu sasa tukipime kichujio cha namna hiyo kwa lugha yetu. Kuna neno la Kiingereza la herufi nne linalohusu tundu la haja kubwa, ambalo vichujio hulisaka. Herufi hizohizo, kwa mpangilio uleule, zimo ndani ya "analima", "analala", "analeta" na "analinda". Yaani kila kitenzi chetu kinachoanza kwa silabi la, le, li, lo au lu kimebeba tusi pindi anapotajwa mtu mmoja katika wakati uliopo! Mkulima analima, mtoto analala, mama analea: sentensi za darasa la kwanza zimekuwa matusi. Hata kanali wa jeshi hakuokoka. Neno jingine la Kiingereza, la uchafu wa chooni, limejificha ndani ya "mashitaka". Tusi wanalotupiwa baadhi ya watu kwa maumbile yao limo ndani ya "fagio". Na akina Hassan wote watajificha wapi?

Ni kweli kwamba vichujio bora vya leo vimeerevuka, huangalia neno zima badala ya kipande chake. Lakini kuerevuka huko kumetatua nusu ya tatizo tu. Mtambo uliozoeshwa Kiingereza hujua kwamba neno moja laweza kuwa la daktari katika ukurasa huu na la mhuni katika ukurasa ule. Kiswahili haujakisoma kiasi hicho. Matokeo yake ni kwamba matusi yetu halisi, yale ambayo mtoto yeyote wa mtaani anayajua, huenda yakapita kama maji, ilhali ukurasa mdogo wa Kiswahili safi, ulioandikwa na mwalimu wa Faza au Siyu, huangukia katika lile kundi la tovuti zisizopangwa na kuzuiwa. Lugha yenye kurasa chache mtandaoni huadhibiwa kwa uchache wake, na adhabu hiyo huizidishia uchache.

Tuchukue pia fasihi yetu kongwe. Utendi wa Tambuka, ambao muswada wake ni wa mwaka wa 1728, ulitungwa na Bwana Mwengo katika kisiwa cha Pate. Unasimulia vita baina ya Waislamu na Waroma wa Mashariki. Mwanafunzi wa fasihi hujua kwamba hapo anasoma utenzi wa kishujaa, wenye mapokeo na kaida zake. Mtambo wa ng'ambo, ambao haujui utenzi wala mizani, utaona nini? Utaona dini, panga na damu. Sisemi kwamba kila kichujio kinauzuia utenzi huo. Nasema kwamba hakuna mtu wa kutuhakikishia kuwa hakiuzuii, na kikiuzuia hatuna pa kwenda kulalamika.

Kuna watakaosema: heri kuzuia mengi kuliko kuacha moja likapita. Hoja hii ina mvuto, hasa kwa mzazi, lakini haisimami mbele ya hesabu. Mwaka wa 2002 wakfu wa Kaiser Family Foundation wa Marekani ulichapisha utafiti kuhusu vichujio vilivyotumiwa mashuleni na maktabani. Vilipolegezwa kabisa, vilizuia asilimia 87 ya kurasa za ponografia, na kurasa za afya vilizizuia kwa makosa kiasi cha asilimia 1.4 tu. Vilipokazwa kabisa, ponografia iliyozuiwa ilipanda hadi asilimia 91, lakini kurasa za afya zilizozuiwa ziliruka hadi asilimia 24. Mwanafunzi wa hesabu na azizingatie tarakimu hizi. Kwa faida ya asilimia 4, tumepoteza takriban robo ya elimu ya afya. Ni miaka mingi imepita na mitambo imebadilika, lakini kanuni ni ileile ya kifumbu: ukikibana mno, kinachobaki ndani ni tui.

Kutoka maabara ya shule natoka sasa hadi nchi nzima, kwa kuwa tabia ni moja. Mnamo Novemba 2023, wakati watahiniwa wa KCSE walipokuwa wakiandika mitihani yao, Wakenya waliotumia mtandao wa Telegram waliona huduma imekatika bila ya kupewa maelezo ya wazi. Mwaka uliofuata, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliyaagiza makampuni ya simu kuifunga Telegram wakati wa saa za mitihani, hadi mitihani hiyo imalizike Novemba 2024. Sababu ilijulikana: walaghai walikuwa wakiuza humo karatasi walizodai kuwa ni za mtihani. Mimi ni mwalimu, na wizi wa mtihani nauchukia kuliko wengi, maana huwadhulumu wale niliowafundisha wakakesha wakisoma. Lakini kundi lililoitwa "udanganyifu wa mitihani" lilitandazwa juu ya mtandao mzima, likawafunika walimu wanaogawana madokezo, wafanyabiashara, na watu wenye jamaa ng'ambo. Wenye ujanja wa kutumia VPN walipita pembeni, na walaghai ni wajanja kuliko sote. Ethiopia, Iraq na Algeria zimewahi kwenda mbali zaidi, zikaizima intaneti yenyewe kwa ajili ya mitihani. Je, huko ndiko tunakotaka kufika?

Kisha ikaja Oktoba 2025. Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka wa 2018. Marekebisho hayo yaliipa kamati ya kitaifa inayoratibu masuala haya uwezo wa kuagiza tovuti au programu ifungwe, ikithibitika kwamba inaeneza mambo haramu, ngono ya watoto, ugaidi, au itikadi kali za kidini na za vikundi potovu. Papo hapo wananchi walikwenda Mahakama Kuu, na baadhi ya vifungu, hasa vinavyohusu kumsumbua mtu mtandaoni, vikasimamishwa kwa muda.

Sitaki kuwa kama wale wanaodai kwamba serikali haikuwa na sababu. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, jirani zetu kabisa, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400 waliofuata mahubiri ya kufunga hadi kufa. Lamu nayo inajua jinsi vijana wanavyonaswa na waajiri wa vita kupitia simu zao. Anayesema hakuna hatari hajaishi hapa. Lakini tazama mapana ya maneno yenyewe. Ngono ya watoto ni kundi lenye mipaka inayoonekana. "Itikadi kali" je? Mipaka yake atachora nani? Mtu aliyeketi Nairobi, asiyeyajua Maulidi ya Amu, asiyeweza kutofautisha kasida na mahubiri ya chuki, ataiona video ya zefe la vijana waliovaa kanzu na kushika bakora akaipa jina gani? Kundi pana ni kama wavu wa matundu madogo: hauulizi samaki umri wake.

Majirani nao wametupa funzo. Mwezi Mei 2025, mtandao wa X ulifungwa nchini Tanzania, na serikali ikaeleza kwamba mtandao huo unaruhusu picha za ngono kinyume cha sheria na maadili ya nchi. Huenda maelezo hayo yalikuwa na ukweli. Lakini ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu, na pamoja na picha hizo ulifungiwa pia uwanja ambamo raia walikuwa wakijadiliana siasa zao. Kundi lilikuwa la maadili, kilichoziba ni midomo. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako vijana wengi wa mwambao huenda kutafuta riziki, mamlaka ya mawasiliano imekuwa na orodha rasmi ya makundi yanayozuiwa, na miongoni mwao, sambamba na ponografia na kamari, wameweka simu za intaneti zisizo na kibali. Ndiyo sababu kwa miaka mingi mama aliyeko Amu ameweza kumwandikia mwanawe aliyeko Dubai kwa WhatsApp, lakini hakuweza kumpigia kwa njia hiyohiyo. Sauti ya mama imepangwa rafu moja na kamari! Ukiwa na kitambulisho cha kundi mkononi, waweza kukibandika juu ya chochote, na biashara ikavaa kanzu ya maadili.

Wazee wetu watakumbuka kwamba marufuku si jambo geni katika nchi hii. Jarida la Beyond lilipigwa marufuku mwaka wa 1988, Financial Review mwaka wa 1989, na Nairobi Law Monthly mwaka wa 1990. Ulikuwa wakati mgumu, na wala siutamani. Hata hivyo marufuku ya zama zile ilikuwa na uso. Ilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kwa jina la jarida na cheo cha aliyeamuru. Kwa sababu hiyo, wenye Nairobi Law Monthly waliweza kwenda mahakamani kuipinga. Filamu ya Rafiki nayo, ilipozuiwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu mnamo Aprili 2018, ilizuiwa hadharani, na ndiyo maana Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliweza kuamuru ionyeshwe kwa siku 7. Mtu hawezi kukata rufaa dhidi ya kitu asichojua kama kipo. Marufuku ya kichujio haina uso wala tarehe. Husema tu "ukurasa haupatikani", na mwanafunzi hudhani kwamba elimu hiyo haipo duniani.

Sasa tufanyeje? Jibu, kwa maoni yangu, linapatikana karibu kuliko tunavyodhani. Nyumba ya jadi ya Amu ilijengwa na watu waliojua sana kuchuja. Mgeni hufikia kwanza dakani, akaketi kwenye baraza akapewa kahawa. Akiwa ni mtu wa karibu zaidi huingia tekani, kisha kiwandani. Misana ni ya watu wa nyumba, na ndani kabisa ni kwa wachache. Makundi yako, mipaka iko, na staha imehifadhiwa. Lakini kila mlango una mwenyewe. Ukipiga hodi utaitikiwa na sauti unayoijua, na ukiambiwa subiri utaambiwa na mtu, si na ukuta. Tena mtoto wa nyumba ile hukua, na kila anapokua huruhusiwa palipokuwa pamekatazwa. Hivyo ndivyo kichujio cha shule kinavyopasa kuwa.

Kwanza, makundi yawe machache na yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, kisha yabandikwe ukutani katika maabara, mwanafunzi ayasome na mzazi ayasome siku ya wazazi. Ponografia, kamari, ulaghai na uchochezi wa kuua vizuiwe bila ya kusita. Elimu ya afya, ya uzazi, historia, dini na mazingira isizuiwe kwa jina la kundi. Mwanafunzi wa Lamu anayetaka kusoma jinsi mahakama maalumu ya mazingira ilivyoifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe mnamo Juni 2019 asikwame kwa kuwa walioandika habari hizo wamewekwa katika kundi la "watetezi".

Pili, kila zuio litaje mambo matatu: ni kundi gani, ni nani aliyeamua, na maombi ya kufunguliwa yapelekwe wapi. Hili si ombi la hisani. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari. Kifungu cha 33 chenyewe kimekwisha kutaja yasiyolindwa, nayo ni propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na utetezi wa chuki. Tazama jinsi waandishi wa Katiba walivyobana maneno yao! Kwa nini programu ya kununuliwa iwe na orodha ndefu kuliko ya Katiba?

Tatu, mwalimu apewe ufunguo. Mwalimu wa Biolojia anayefundisha uzazi aweze kuufungua ukurasa kwa kipindi chake, akaandika daftarini sababu na saa. Marekani ilipotunga sheria yake ya vichujio mwaka wa 2000 kwa shule na maktaba zinazopata ruzuku ya intaneti, kesi ilifika hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Mwaka wa 2003 majaji waliiacha sheria isimame kuhusu maktaba, na moja katika nguzo za uamuzi wao ilikuwa kwamba msomaji mtu mzima aweza kumwomba mkutubi akifungue kilichozuiwa. Yaani hata huko vilikotengenezwa vyombo hivi, uhalali wake uliegemea kuwapo kwa binadamu wa kuulizwa. Sisi tulinunua chombo tukamsahau mkutubi.

Nne, Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano ziwaite walimu wa Kiswahili, waandae pamoja nao orodha ya maneno na makundi inayoijua lugha hii, matusi yake na adabu zake. Na kila amri ya kuifunga tovuti au mtandao kwa nchi nzima ichapishwe katika Gazeti Rasmi, ikitaja sababu na siku ya mwisho. Amri isiyo na siku ya mwisho ni kifungo.

Najua mzazi ataniuliza: na mwanangu akiyaona mabaya? Namjibu kwamba atayaona. Simu iliyo mfukoni mwa binamu yake haina kichujio cha shule. Swali ni kama atakapoyaona atakuwa amefundishwa kuyatambua. Mtoto wa kisiwani hakingwi na bahari kwa kujengewa ukuta ufuoni. Hufundishwa kuogelea, akaonyeshwa mkondo ulipo na wakati wa maji kujaa. Kichujio chaweza kutusaidia pale mtoto angali mdogo. Hakiwezi kuishika nafasi ya mwalimu anayeketi naye na kumuuliza: Nani ameandika haya? Anataka ufanye nini? Mbona hakutaja jina lake?

Nanyi wanafunzi, msidhani ninawapa ruhusa ya kuvunja milango. Kukwepa kichujio kwa siri ni rahisi, na hakumsaidii mwenzako aliyekaa tarakilishi ya pili. Mtakapozuiwa jambo mnaloamini ni la elimu, andikeni: tarehe, anwani, kundi lililotajwa, na somo mlilokuwa mkilifanyia kazi. Mpelekeeni mwalimu mkuu kwa adabu, wala msiondoke bila ya jibu. Daftari la namna hiyo likijazwa katika shule 10 tu za kaunti hii kwa muhula mmoja, tutakuwa na ushahidi ambao hakuna mkandarasi wala afisa atakayeweza kuupuuza. Hiyo nayo ni elimu, tena ya uraia.

Walimu wenzangu, muhula ujao utakapoanza, kabla ya kuwasha tarakilishi, iombeni ile orodha. Ulizeni ni nani aliyetia alama, lini, na kwa idhini ya nani. Mkikosa jibu, mtakuwa mmekwisha kujua ni kwa nini nimeandika haya.